Wanaotangulia Jukwaani

Sisi tupigao muziki kandokando ya ziwa Tshangalele huitwa Likasi kufungua matamasha ya waimbaji wakubwa. Desturi ni ileile. Nyota hujaribu vyombo alasiri nzima. Sisi hupewa dakika zilizobaki, kama zimebaki. Kisha twapiga nyimbo tatu, sauti ikiwa imepunguzwa ili yeye akipanda asikike mkubwa zaidi, na watu wangali mlangoni wakinunua tiketi. Malipo ni soda na ahadi ya nauli.

Si kwetu tu. Mwaka 1973 Bob Marley na The Wailers waliondolewa katika ziara ya Sly and the Family Stone huko Marekani baada ya maonyesho machache. Oktoba 1981 Prince, akiwatangulia Rolling Stones mjini Los Angeles, alizomewa na kurushiwa vitu hata akashuka jukwaani. Wengi husimulia habari hiyo kana kwamba kuzomewa ndiko kulikomkuza. Sisi hatuamini hivyo.

Mpiga gitaa wetu amechoka, amerudi kwenye nyavu zake. Tuliobaki tumempelekea mratibu masharti mawili: dakika kumi za kujaribu vyombo kabla milango haijafunguliwa, na nauli mkononi kabla ya wimbo wa kwanza. Tamasha ni Jumamosi. Hajajibu.