Baklawa ya Tabora na Kitenzi Kurina

Kiswahili kimeitengea asali kitenzi chake. Mahindi huvunwa, maembe huchumwa, muhogo huchimbwa, maziwa hukamwa, asali hurinwa. Siku hizi nasikia kila upande “kuvuna asali”, hata hapa Tabora, mji uliozungukwa na miyombo na wenye Chuo cha Ufugaji Nyuki. Leo, ndugu wasomaji, nakusudia kulitetea neno kurina, na utetezi wangu nitauanzia jikoni.

Tangu nistaafu ualimu hupika baklawa. Nilifundishwa na jirani aliyekulia Maskati. Ni kitamutamu cha tabaka nyingi za unga mwembamba, katikati njugu, juu yake shira au asali. Kilipata sifa kubwa katika dola ya Uthmaniya. Huko Istanbul, katikati ya Ramadhani, masinia yake yalitolewa katika kasri la Topkapı wakapewa askari wa Yanisari. Wenzetu wa huko hutia pistachio au jozi. Mimi hutia karanga za sokoni kwetu na asali ya miyombo, nyeusi kidogo, yenye harufu ya moshi kwa mbali.

Nusu kilo ya unga wa ngano naukanda kwa maji vuguvugu, chumvi kidogo, samli vijiko viwili na siki kijiko kimoja, kisha naufunika upumzike saa nzima. Naukata madonge 20. Kila donge nalisukuma, huku nikinyunyiza wanga, hadi likawa jepesi mfano wa manda za sambusa, jepesi hata mistari ya kiganja ionekane kwa upande wa pili. Nalitandika ndani ya sinia, nalipaka samli, natandika jingine. Tabaka kumi zikitimia, namwaga karanga nusu kilo, zilizokaangwa, zikapepetwa maganda, zikatwangwa zisilainike sana. Juu yake natandika kumi zilizobaki. Hapo ndipo pa kukata, ingali mbichi, kwa umbo la almasi. Ukingoja iive itavunjikavunjika. Naioka kwa makaa machache chini na mengi juu, kwa muda upatao dakika 45, hadi iwe na rangi ya dhahabu.

Shira huwa nimekwisha kuiandaa: asali kikombe kimoja na nusu, maji nusu kikombe, mdalasini, iliki na ndimu, vichemke kidogo, kisha vipoe kabisa. Baklawa ya moto humiminiwa shira baridi. Ukisikia inalia, ujue inanywa. Iache hadi kesho yake.

Sasa tuyatazame maneno niliyoyatumia. Majina mengi ni wasafiri. Asali, samli na tabaka ni ya Mwarabu; mdalasini hutukumbusha Mwajemi na darchin yake, yaani mti wa Uchina; baklawa ni ya Mturuki. Karanga yenyewe, ingawa jina lake ni letu, mmea wake asili yake Amerika ya Kusini. Lakini vitenzi vimekaa nyumbani: kukanda, kusukuma, kupaka, kutwanga, kupepeta, kuoka, kumimina. Ni vya Kibantu. Kitu huja na jina lake. Kazi huifanya mkono wa mwenyeji, na mkono una maneno yake.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Tabora tangu zamani. Burton na Speke walipofika Kazeh, Novemba 1857, waliwakuta wafanyabiashara Waarabu wamekwisha kujenga. Hapa njia ya kutoka Bagamoyo iligawanyika, moja ikaenda Ujiji, nyingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Bidhaa zilikuwa na majina ya ugenini, bali waliozibeba walikuwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, na lugha waliyoipeleka huko ilikuwa Kiswahili kilichopita vinywani mwao. Anayesema Kiswahili cha bara ni makombo ya pwani na aitafakari njia ile.

Hata asali ina kisa chake. Katika lugha nyingi za Kibantu mdudu na utamu wake hutokana na mzizi mmoja: kwa Kinyarwanda nyuki ni uruyuki na asali ni ubuki, kwa Kisukuma, jirani wa Kinyamwezi, asali ni buki. Sisi tulibaki na nyuki wetu tukapokea asali ya wageni. Sioni hasara, kwa maana kitenzi tulikishika. Waganda husema okulinnya kwa maana ya kupanda juu. Sikio halikosi kuusikia ujirani wake na kurina, na mrina hupanda kweli.

Mjomba wangu alikuwa mrina. Mizinga yake ilikuwa ya magome, akiitundika juu ya miti mbali na kijiji. Alipanda jioni na kienge cha moshi, akakata masega yaliyojaa, akayaacha yenye majana. Nilipomwuliza kwa nini haleti yote, alinijibu kwamba si yeye aliyeiweka. Katika jibu hilo ndimo ninamouona mpaka baina ya vitenzi viwili. Avunaye hutwaa alichokipanda, nacho ni chake chote. Arinaye hutwaa alichokiweka mwingine, kwa hiyo hubakiza. Tukisema “kuvuna”, nyuki anatoweka katika sentensi.

Mjomba alifariki mwaka juzi. Mjukuu wake ni mfugaji hodari, ana mizinga ya kisasa, anauza asali safi katika chupa nadhifu, na ndiye ninayenunua kwake. Husema “navuna”. Nilipomwambia neno la babu yake alilirudia mara mbili, kama mtu anayeonja. Juma lililofuata alinipigia simu: “Shangazi, kesho narina.” Nikakanda unga.

Washairi, mnaofuatilia vina, mtieni mrina katika beti zenu. Naanza mimi:

Jina limetoka mbali, limefika limekaa,
Tukalipa na asali, na samli ikajaa,
Rina neno la asili, mbona lataka kupaa?
Mrina akikataa, nani tena atajali?