Field Ikiisha, Mwanafunzi Anakwenda Wapi?

Machi ikifika, vyuo vingi vya Marekani hufunga kwa wiki moja. Wanafunzi wengi hukimbilia ufukweni. Wengine huenda miji wasiyoijua kupigilia misumari kwenye nyumba za watu wasiowajua, na gharama ya safari wanaichangisha wenyewe. Mpango huo wa Habitat for Humanity, shirika la kujenga nyumba, ulianza mwaka 1989, miaka miwili baada ya shirika kufungua tawi lake la kwanza la wanafunzi, katika Chuo Kikuu cha Baylor, Texas.

Kinachowashika wanafunzi ni lile tawi. Ni lao: wanachagua viongozi, wanatafuta fedha, wa mwaka wa tatu anamfunza wa mwaka wa kwanza. Wakubwa wakihitimu, shirika bado linajua nani wa kumpigia simu.

Tanzania, asasi nyingi humpata mwanafunzi kupitia field, yaani mafunzo kwa vitendo. Anakuja na barua ya chuo, anatoa fotokopi na kupitisha karatasi ya mahudhurio ya semina, logbook inasainiwa, kwaheri. Mwaka unaofuata wanatafutwa wengine, pengine katikati ya mitihani ya UE, kisha vijana wa siku hizi wanaambiwa hawana moyo.

Moyo upo, nauli ndiyo haipo. Anayesubiri boom, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, hawezi kutoka Mlimani hadi Mbagala kila Jumamosi kwa hela yake, na fulana yenye nembo ya mfadhili haimlipi kondakta. Hata Marekani hilo wanalijua. Serikali kuu ina mfuko wa kuwalipa wanafunzi wenye uhitaji wanaofanya kazi wakiwa masomoni, na chuo hutakiwa kutumia angalau asilimia 7 ya fedha hizo kwa kazi za kuhudumia jamii. Kwa hiyo kijana wa huko anayefundisha watoto kusoma jioni huenda ana mshahara wake mdogo, wala hakuna anayemwona mpenda pesa.

Kuwaiga Wamarekani kwa kumwachia anayejitolea gharama za safari hakutafaa nyumbani. La kuiga ni tawi. Asasi zianzie kwenye field ya likizo ijayo: zimpe mwanafunzi kazi ya kuisimamia mwenyewe, zimrudishie nauli siku hiyohiyo, na kabla ya kusaini logbook zimuulize ni nani wa mwaka wa pili atakayempokea kijiti.