Picha Saba Ukutani mwa Mashine ya Kusaga

Ndugu msomaji, maneno "maonyesho ya sanaa" aghalabu huyapeleka mawazo yetu hadi Dar es Salaam, kwenye kumbi zenye taa nzuri na wageni wenye kamera. Mkazi wa Isaka, ambaye kila siku huyaona malori ya Rwanda na Burundi yakingoja mizigo kwenye bandari kavu, hadhani kuwa jambo hilo lamhusu. Fikira hiyo siikubali, kwani inatunyima kilicho chetu.

Usukumani picha zilikuwako ukutani zamani. Wacheza nyoka, yaani Bayeye, walikuwa na nyumba za kuwafundishia wanachama wapya, na katika kuta zake walichora nyoka, watu na viumbe wa hadithi, picha baada ya picha, kwa rangi nyeupe, nyeusi na nyekundu. Hans Cory, mchunguzi wa mila aliyeitumikia serikali ya kikoloni, alitoa kitabu juu ya michoro hiyo mwaka 1953. Haikuwa mapambo, ilikuwa mafunzo, na picha moja peke yake isingetosha kumfundisha mtu. Tatizo ni kwamba asiye mwanachama hakuruhusiwa kuingia. Yalikuwa maonyesho, lakini ya wenyewe kwa wenyewe.

Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, yeye alizitoa picha barabarani. Alianza kuchora mwaka 1968, kwa mbao za dari na rangi ya kupakia baiskeli, na kazi zake ziliuzwa nje ya maduka ya Morogoro Stores, Oysterbay. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu. Jamaa na wanafunzi wake hawakutawanyika. Waliendelea kuchora pamoja, na mwaka 1990 wakawa na chama chao cha ushirika. Mimi nawasifu kwa kuketi pamoja kuliko kwa twiga wao, ambao, nasema kwa siri, wamekwisha kunichosha.

Sasa nikueleze ya kwetu. Mdogo wangu ni mwandika vibao hapo Isaka. Majina ya maduka, kuku kwenye mlango wa hoteli, onyo la kutokojoa ukutani, hizo ndizo kazi zake. Mapema mwaka huu alinipigia simu: "Dada, nahitaji fedha za plaiwudi na rangi. Tuko watatu, tunataka kuonyesha kazi zetu." Ikatokea kwamba mwezi ule ule Mama alikuwa ameomba bati za jiko, kwa kuwa zile za zamani zilikuwa zimeoza. Mshahara wa mwandishi, ndugu msomaji, unaufahamu au unaweza kuukisia.

Mama hakuzunguka. "Mwanangu, picha haizuii mvua." Nami sikuwa na jibu, kwa sababu ni kweli haizuii. Niligawa fedha nusu kwa nusu, uamuzi ambao haukumfurahisha mtu yeyote.

Maonyesho yalifanyika Jumamosi moja, ukutani mwa mashine ya kusaga, kwa hisani ya mwenye mashine, ambaye sharti lake lilikuwa kwamba wateja wake wasizuiwe kupita. Mmoja alitundika picha nne za akina mama wauzao chakula kwa madereva. Wa pili alichora ng'ombe, wengi mno, na mimi sikuona tofauti ya ng'ombe wa kwanza na wa sita. Mdogo wangu alileta picha saba za mahali pamoja tu.

Hapo nilisimama sana. Reli ya zamani ya Tabora hadi Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928, sote tuliikuta. Lakini ujenzi wa reli mpya ya kisasa kutoka Mwanza hadi Isaka, uliozinduliwa mwaka 2021, tumeuona kwa macho yetu. Katika picha ya kwanza kuna kichaka, njia ya mguu na mkwaju. Katika ya pili kuna vigingi. Katika ya tatu mkwaju umelala. Kisha linakuja tuta, linapanda picha hadi picha, hata katika ya saba njia ya mguu inafika kwenye udongo na kukoma. Hakuna mtu aliyechorwa. Ukiitazama moja pekee, utasema ni mandhari ya kawaida. Ukizifuata zote saba, unajikuta ukiuliza wale waliopita njia ile sasa wanapitia wapi.

Watu waliokuja na magunia yao walibishana juu ya mkwaju huo ulikuwa upande gani hasa. Kijana mmoja alisema reli italeta kazi, kwa hiyo mti haufai kuliliwa. Mzee akamjibu kwamba hakuna aliyelia, wanataka tu picha iwe sahihi. Sijasikia mabishano kama hayo katika ukumbi wowote wa mjini nilikotumwa kuandika habari.

Mama alifika alasiri akiwa na debe la mahindi. Alizitazama zote saba bila kusema neno, akarudi kwenye ya kwanza, akanyoosha kidole mahali ambapo, kabla hatujazaliwa, alikuwa akitua mzigo wake wa kuni apumzike. Kisha akamwuliza mdogo wangu mbao hizo atazihifadhi wapi mvua zitakapoanza, maana jikoni panavuja.

Hakuna picha iliyouzwa siku ile. Mwenye mashine ameomba zile za ng'ombe zibaki ukutani. Mwisho wa mwezi huu natuma fedha za bati, na mdogo wangu ameahidi kupanda juu na kuzipigilia mwenyewe.