Sibiloi: Chimbuko la Mwanadamu Ufuoni mwa Turkana

Watoto wakikuomba uwapeleke mbugani, bila shaka wawaza Maasai Mara. Basi leo geuza uso kaskazini, hadi Sibiloi, mashariki mwa Ziwa Turkana katika Kaunti ya Marsabit.

Mbuga hii ilitengwa mwaka 1973, na sababu haikuwa simba bali mifupa. Richard Leakey na wenzake walifika Koobi Fora mwaka 1968. Mwaka 1972 Bernard Ngeneo, Mkenya mwenye macho makali, aliona vipande vya mfupa ambavyo viliungwa kwa subira vikawa fuvu mashuhuri, nambari 1470. Umri wake wakadiriwa kuwa miaka milioni 1.9. Jina la Leakey wanao walijua. Wafundishe na la Ngeneo. Fuvu lenyewe limehifadhiwa katika Makavazi ya Taifa, Nairobi, kwa hivyo anzieni huko, ni nauli ya matatu tu.

Huko Sibiloi utaona mifupa ya ndovu wa kale na kobe mkubwa ajabu ikiwa palepale ilipofukuliwa, imejengewa vibanda. Kuna pia magogo yaliyogeuka mawe. Nani angedhani jangwa hili liliwahi kuwa na msitu? Siku hizi uhai uko ziwani: viboko majini, heroe na mwari ufuoni, nyamera na punda milia malishoni. Joto likikuzidi, usithubutu kuoga. Mamba wa huko hawana mzaha.

Ziwa hili hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka Mto Omo, Ethiopia, ambako bwawa la Gibe III lilizinduliwa mwaka 2016. Mwaka 2018 UNESCO ikaziweka mbuga za Ziwa Turkana katika orodha ya turathi zilizo hatarini. Ajabu ni kwamba miaka ya karibuni ziwa limepanda badala ya kukauka. Lakini samaki hufuata mafuriko ya mto wanapozaana, na mto uliofungwa hufurika kwa amri ya wenye mitambo. Wadasanach wa Ileret, wanaovua na kufuga hapo mpakani, wana haki ya kuhofu.

Safari yenyewe si mchezo. Kutoka Marsabit utapitia North Horr, kwa gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, heri mawili yakifuatana. Beba petroli, spea na maji ya kunywa, kwani ya ziwa yana magadi. Makavazi yana mabanda ya kulala Koobi Fora. Ulizia nafasi kabla hujafunga mizigo.