Vumbi la Kipupwe na Mashine Unayotaka Kununua

Matai, Kalambo

Mwanangu mpendwa,

Mahindi tumeshayaingiza ndani na upepo wa kipupwe umeanza kwa nguvu.

Ujumbe wako nimeupata, pamoja na picha ya mashine ya kufyonza vumbi uliyoipenda, ile nyembamba ya betri. Nimefurahi kwamba umelifikiria jambo hili, maana kikohozi cha mtoto wako kinaninyima raha hata mimi. Lakini ile ya betri usiinunue. Unajua nimefanya usafi kwenye nyumba za wageni mpaka nimestaafu, na mashine hizi nimezisukuma, nimezifungua na kuzikung'uta kwa mikono hii. Nisikilize kwanza.

Vumbi letu si la kila mahali. Tangu Mei mpaka mvua za Novemba, Ufipa ni kukavu, na upepo unapita juu ya mashamba yaliyovunwa na barabara za udongo bila kizuizi. Kinachoingia sebuleni kwako ni laini kama unga wa ulezi. Fagio la chelewa haliliondoi, linalirusha tu juu. Mtoto analivuta, kisha linatua palepale kwenye kochi. Zulia nalo ukilitoa uani Agosti na kulichapa fimbo, sehemu kubwa ya kilichotoka inarudi ndani kwa dirishani.

Kwa hiyo ukifika dukani, jambo la kwanza kuulizia ni vumbi likishavutwa linakwenda wapi. Mashine inavuta hewa mbele na kuitoa nyuma. Kama chujio lake ni hafifu, uchafu mkubwa unabaki ndani, na ule mwembamba, ambao ndio unaomkohoza mtoto, unapulizwa tena chumbani. Mwambie muuzaji aiwashe, amwage vumbi kidogo sakafuni alifyonze, nawe shika leso nyeupe pale hewa inapotokea. Leso ikichafuka, ondoka. Tafuta yenye chujio la HEPA. Chujio la kweli la aina hiyo linazuia asilimia 99.97 ya chembe zenye ukubwa wa mikroni 0.3, ambazo jicho halizioni kabisa. Na ulize chujio la akiba linapatikana wapi. Kama jibu ni Dubai, hiyo mashine itakufaa msimu mmoja.

Habari ya kifua haikuanza kwetu. Huko Ohio, Marekani, kulikuwa na mfagiaji wa duka aliyeitwa James Murray Spangler. Vumbi la mazulia lilimsumbua kifua, basi akachukua mota ya feni, mpini wa fagio na foronya ya mto, akaunda mashine ya umeme ya kufyonza vumbi. Hataza yake aliipata mwaka 1908, kisha akaiuza kwa familia ya Hoover, ambayo jina lake ndilo lililokuja kujulikana duniani. Foronya ile ndiyo mfuko, na mpaka leo mimi naamini mashine yenye mfuko kuliko yenye kikombe cha plastiki. Kikombe kinapendeza macho dukani, lakini kila ukikimwaga wingu linakurudia usoni. Mfuko unautoa umefungwa. Kama mifuko ya karatasi ni ya shida kwako, chukua mashine inayokubali mfuko wa kitambaa unaofulika, na ukung'utwe nje, mbali na madirisha, na anayekung'uta avae barakoa.

Wati zisikubabaishe. Namba kubwa kwenye boksi inakwambia mashine inakula umeme kiasi gani, haikwambii inavuta kiasi gani. Ulaya tangu 2017 hawaruhusu ya nyumbani kuzidi wati 900, na nyumba zao ni safi. Ila sisi tuko juu, kama mita 1,800, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya sita. Mashine inayovuta vizuri Kariakoo itapungua nguvu ikifika Sumbawanga. Ndiyo maana ile ya betri naikataa: nguvu yake ni ndogo tangu mwanzo, chujio lake dogo linazibwa upesi na vumbi letu, na betri ikichoka hutaipata mjini.

Kwa sakafu yako ya saruji, zulia moja na makochi ya kitambaa, mimi ningechukua ile ya pipa, ya lita 15 hivi, wati 1,000 mpaka 1,200, inayofyonza vumbi na maji. Ukiitumia nusu saa kwa wati 1,200 inakula uniti 0.6 za LUKU, si mzigo. Ukitaka kufyonza maji, toa kwanza mfuko na chujio la vumbi. Hakikisha ina mdomo mdogo wa kuingia kwenye mikunjo ya makochi na pembeni mwa godoro, kwa sababu mtoto analala na kuruka humo kutwa.

Za mtumba zipo nzuri, lakini geuza usome kibandiko cha chini. Iliyotoka Japani imeandikwa volti 100, na hapa kwetu umeme ni volti 230, ukiichomeka imeungua. Plagi ikiwa ya miguu miwili ya duara, fundi aibadilishe. Usiniingizie kijiti kwenye tundu la juu la soketi kama wafanyavyo vijana, na ekstensheni nyembamba zisitumike, zinapata moto.

Lingine ni lile gunia la mahindi ulilonalo ukumbini. Vumbi la magunia lina dawa ya unga ya dumuzi. Hilo lisifyonzwe, lifutwe kwa kitambaa kibichi kinachofuliwa peke yake. Na bora mahindi hayo uyahamishie stoo kabisa. Jivu la mkaa pia lisiingie kwenye mashine. Kaa moja lenye uhai linatosha kuchoma mfuko mzima.

Mkeo aende nawe dukani, naye ainyanyue, aivute, asikie kelele yake. Yeye na dada wa kazi ndio watakaoishi nayo, na ikiwa nzito kwao itakaa nyuma ya mlango huku fagio likiendelea. Pale mashine isipofika, wadeki kwa maji. Na mtoto mpeleke hospitali akapimwe kifua, msisubiri mashine.

Ukishaamua, niandikie jina na namba ya aina yake kabla hujalipa. Wiki ijayo mdogo wako anakwenda Mbeya kufuata vipuri vya mashine ya kusaga, nitamwagiza aulizie mifuko na chujio lake. Akivikosa, tutatafuta aina nyingine.

Shangazi yako