Mchezaji Aliyesimama

Wasomaji wetu waliofundisha insha za wasifu waijua taabu hii: mwanafunzi aambiwapo amweleze mcheza ngoma mashuhuri wa kwao, huandika kwamba "anacheza vizuri mno", kisha kalamu humkwama. Mchorapicha naye hukumbwa na taabu iyo hiyo, tena kubwa zaidi, maana yeye hana hata kitenzi cha kumsaidia.

Darasani tumezoea kutumia picha ya Carmencita, mchezaji wa Kihispania mzaliwa wa Almería, aliyewapumbaza watu wa New York kwa ngoma za kwao. Mwaka 1890 alichorwa na John Singer Sargent. Yasimuliwa kwamba bibi huyo hakutulia hata kidogo, hata Sargent akalazimika kujipaka pua rangi nyekundu ili apate kumtazama. (Mwalimu yeyote wa darasa la kwanza atamwelewa.) Picha yenyewe ina urefu wa zaidi ya mita 2. Carmencita amevaa nguo ya manjano yenye kumetameta, uso umepakwa poda, mkono u kiunoni, mguu mmoja umetangulia. Nyuma yake ni giza tupu. Hachezi, amesimama! Serikali ya Ufaransa iliinunua mwaka 1892, nayo sasa imo katika Musée d'Orsay, Paris.

Mwaka ule ule wa 1890 William Merritt Chase alimchora akiwa katikati ya kucheza, na miguuni pake mmetupwa maua na bangili. Wanafunzi, wakionyeshwa zote mbili, huipenda hii ya pili. Sisi twashikilia ile ya kwanza. Kwa Chase twaona hatua moja tu, nayo imekatwa. Kwa Sargent kidevu kilichoinuliwa na ule mguu uliotangulia vyatuambia kwamba ngoma yote ingali mwilini, yangoja kutoka. Mwaka 1894 Carmencita alipigwa hata picha ya sinema katika studio ya Edison, isiyotimia nusu dakika wala kuwa na sauti. Humo anazunguka kweli kweli, sketi yapepea, lakini uso wake hatuupati.

Jambo hili latugusa kwa sababu nyingine. Huku kwetu, kando ya Ziwa Tanganyika, marehemu shangazi yetu alikuwa mcheza ngoma aliyefuatwa na watu kutoka vijiji vya mbali. Picha yake iliyosalia ni moja tu, ile ya kitambulisho: mama mwenye uso mkavu, aliyeamriwa asitikisike. Wajukuu wake huitazama, wakatutazama sisi, wasiamini. Waliomwona akicheza wanazidi kupungua kila mwaka.

Kijana mmoja tuliyemfundisha zamani, ambaye sasa ni mchoraji wa mabango, amekubali kumchora kwa kuifuata picha hiyo. Tulimwonyesha Carmencita wa Sargent, tukamsihi asimchezeshe shangazi, bali amsimamishe. Akaitazama kitambo, kisha akatuuliza shangazi alikuwa akitanguliza mguu gani ngoma ilipokaribia kuanza. Tumewauliza wazee watatu. Wawili wamesema wa kushoto. Wa tatu hakujibu, aliinuka kitini akasimama vile alivyokuwa akisimama yeye, na kijana akaomba karatasi.