Chumvi ya Pinki Ilinidanganya

Leo nina stori ya jikoni, na mimi ndiye nilikosea.

Mathe aliambiwa kliniki ana presha, apunguze chumvi. Mimi kijuaji nikaingia TikTok, nikakuta watu wakisifu chumvi ya mawe, ile ya pinki, eti ni ya asili, haina shida. Nikatoa chapaa yangu ya mjengo, nikamletea pakiti hapa Umoja. Akawa anaitia bila kupima. Si mtoto wake amesema ni dawa?

Kurudi kliniki, presha ilikuwa imepanda zaidi. Nesi akatuambia, "Mama, chumvi ni chumvi." Kisha akauliza, "Na maharagwe mnachemsha na nini?" Tukaangaliana. Magadi.

Nikaenda kusoma, safari hii vizuri. Ile ya pinki nyingi hutoka mgodi wa Khewra, Pakistan, mahali bahari ilikauka zamani sana. Rangi inaletwa na chuma. Lakini karibu yote ni sodiamu kloraidi, sawa na ya dukani. Tena ya dukani huku Kenya huongezwa iodini ya kuzuia rovu.

Magadi nayo ni ya nyumbani kabisa: Ziwa Magadi, Kajiado. Chemchemi za moto huleta maji ya madini, jua linayakausha, linabaki gamba gumu linaloitwa trona. Kampuni ya Magadi Soda ilianzishwa 1911, na viwanda huitumia kutengeneza kioo na sabuni. Kwetu ploti, kijiwe kinaingia kwa sufuria githeri iive haraka. Nayo pia ina sodiamu, na floridi inayoharibu meno ya watoto.

Simlaumu mathe. Makaa ni ghali, na magadi huokoa makaa. Siku hizi tunaloweka maharagwe usiku mzima, tunamwaga maji, ndio tunachemsha. Ladha tunaitafuta kwa dhania, tangawizi na ndimu. Chumvi ya mtu mmoja kwa siku isifike gramu 5, yaani kama kijiko cha chai. Hapo unahesabu na krisps na smokie pia.

Kitu kutoka ardhini si lazima kiwe salama. Hata mwili haujali kama sodiamu imetoka Pakistan ama Kajiado.

Ile pinki iliyobaki? Naloweka miguu nikitoka mjengo. Mathe anacheka, anasema hatimaye imepata kazi.

Kwenu githeri inapikwa na nini? Uliza leo.